Ungerudi Kazini Jumatatu

Harufu ya blanketi jipya, lile ambalo halijafuliwa hata mara moja, mpaka leo siivumilii. Juzi juzi niliingia duka moja hapa mjini Morogoro kumnunulia binti yangu blanketi la kwenda nalo bwenini. Muuzaji akalikung'uta mbele yangu, na hapo hapo ikanijia ile harufu ya nyuzi, vumbi na mafuta ya mashine, nikajikuta nimeishika meza yake kwa mikono miwili. "Vipi dada, kizunguzungu?" akaniuliza. Nikamwambia ni joto. Nikachukua la kwanza lililokuwa karibu, nikatoka.

Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha mablanketi. Jina lake Deusi, lakini mtaani kwetu Mji Mpya wote walimwita Fundi, hata wale ambao hawakupata kuuona mlango wa kiwanda. Jioni alirudi na vinyoya vya nyuzi vimemganda kwenye nyusi na masikioni, utadhani kazeeka kwa siku moja, nami, mwanawe wa pekee, nilipenda kumbandua kimoja kimoja huku akinywa chai. Alikuwa na sikio la ajabu. Mashine inayotaka kuharibika aliisikia kabla haijaharibika. "Mashine haidanganyi," alikuwa akiniambia. "Ikiumwa, italia. Mtu ndiye anayeweza kuumwa huku anacheka." Nilidhani msemo huo ni wa kuchekesha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba ikaingia marobota kwa marobota, na mablanketi mepesi ya ng'ambo yakamwagwa chini sokoni, yana picha za chui na maua makubwa mekundu. Yalichanika upesi, lakini yalikuwa rahisi, na yalipendeza macho. Mama mwenyewe alinunua moja, akalificha chini ya godoro langu miezi miwili ili baba asilione. Kiwanda kikaanza kupumua kwa taabu. Ikafutwa zamu ya usiku, ikafuata ya jioni, halafu asubuhi moja wafanyakazi wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo mpya unaong'aa.

Baba alikaa nyumbani karibu mwaka mzima. Kila Jumatatu aliamka alfajiri, akanyoa ndevu, akavaa ovaroli yake ya buluu, akaenda kusimama pale getini pamoja na wenzake. Saa nne alikuwa amesharudi, ameivua na kuitundika. Kila Jumamosi mama aliifua, ingawa haikuwa na doa hata moja, na katika nyumba yetu ya vyumba viwili hakuna aliyethubutu kulisema hilo.

Ndipo zikaja habari kwamba kiwanda kimeuzwa kwa mwekezaji. Sisi hatukumwona, tuliliona gari lake tu, jeupe, lenye vioo vyeusi. Ikasemekana kwamba hatawachukua wote. Atachukua wachache, na hao wachache wataandikiwa barua, na barua zenyewe zitakuwa za Kiingereza kwa sababu bosi mpya hajui Kiswahili.

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu muhimu nyumbani.

Nilikuwa kidato cha kwanza, nina miaka kumi na minne. Mwalimu wetu wa Kiingereza tulimwita Tensi, maana kwake kila kosa duniani lilikuwa kosa la tensi. Alikuwa mfupi, nadhifu, shati limenyooka pasi, na kwapani hakukosa fimbo ya mwanzi. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema kila alipoitoa, halafu akacheka peke yake. Vitabu hatukuwa navyo. Tulikuwa na ubao, daftari, na mwanzi.

Mwalimu Tensi hakuwa mtu wa maelezo marefu. Alipenda kanuni fupi inayoingia kichwani kama msumari. "Will" ni -ta-. "Must" ni lazima. "Might" ni huenda. Na "would", ambayo sisi tuliitamka "wudi", ni -nge-. Ningekwenda, ungekwenda, angekwenda. Tuliimba darasa zima, watoto sitini, huku akipita kati ya madawati.

"Wudi ni nini?"

"Nge!"

"Na nge ni nini?"

"Wudi!"

Siku moja alimsimamisha ghafla msichana aliyekaa nyuma yangu, mtoto wa wakulima wa huko juu milimani, aliyekuja mjini kukaa kwa ndugu. "Nge ni nini?" Yule msichana akababaika, akasema kwa sauti ya kutetemeka kwamba nge ni mdudu anayeuma kwa mkia. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu naye alicheka mpaka akatokwa machozi, akayafuta kwa leso, halafu akamchapa viboko sita. Mimi pia nilicheka. Niliendelea kucheka mpaka kiboko cha tatu.

Mimi sikuchapwa. Nilikuwa wa kwanza katika somo lake, na baba alilijua hilo kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa kwangu. Mgeni akifika kwetu, kabla hajamaliza kuitikia shikamoo yangu, baba alikuwa ameshamwambia, "Huyu Felista unayemwona, Kiingereza anakitafuna kama muwa." Kisha aliniomba niseme chochote. Nilisema chochote. Wageni walitikisa vichwa kwa mshangao, na baba alitikisa chake zaidi.

Barua ilifika Jumamosi mchana. Mama alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya. Aliyeileta alikuwa kijana wa baiskeli ambaye hata hakushuka. Aliinyoosha tu, akaomba sahihi, akaenda zake. Baba aliinusa ile bahasha. Naapa aliinusa, kama anatafuta harufu ya mafuta. Kisha akaniita ndani na kufunga mlango, akaketi kitandani, mikono imebanwa katikati ya magoti.

"Soma, mama," akasema. Baba aliniita mama akiwa anaogopa.

Ilikuwa fupi, sentensi mbili tu na sahihi. Niliipitia kwa macho na moyo wangu ukaruka, si kwa sababu nimeielewa habari yake, bali kwa sababu niliyaona maneno yangu yote yamo. "Might" ilikuwemo. "Would" ilikuwemo. Nilijisikia kama mtu aliyeingia kwenye sherehe asiyoalikwa akakuta ndugu zake wamejaa.

"Tulifikiri," nikaanza, kwa sauti niliyoiazima kwa Mwalimu Tensi, "huenda unangoja kusikia kutoka kwetu."

"Huenda?" baba akauliza. "Mwaka mzima nasimama kwenye geti lao, wanasema huenda?"

"Ndivyo walivyoandika, baba. Menejimenti ilikubaliana kwamba ungerudi kazini Jumatatu."

Nje kuku walikuwa wanaparura kwenye majivu.

"Rudia hapo mwisho."

"Ungerudi kazini Jumatatu."

"Ungerudi, kama nini?"

"Hawajasema kama nini."

Akainuka, akaja kusimama nyuma yangu, akaitazama karatasi juu ya bega langu kama anavyotazama mtu kisima kirefu. Baba alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. "Felista. Angalia vizuri. Hawajasema utarudi?"

Hapo ningeweza kusitasita. Ningeweza kusema, baba, sina hakika, tumuulize mtu. Lakini nilikuwa mtoto wa kwanza darasani, na nilimjibu kama tulivyokuwa tukijibiwa sisi.

"Baba, utarudi ni 'will'. Hapa hakuna 'will'. Hapa pana 'would', na 'would' ni nge. Tumefundishwa."

"Kwa hiyo walikuwa wanirudishe, halafu wakaghairi."

"Ndiyo, baba."

Alichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kopo la sukari lililokuwa tupu. Aliniwekea mkono kichwani. "Ahsante, mama," akasema. "Afadhali kujua."

Mama aliporudi alikuta baba anatafuta jembe. Waliongea kwa sauti ndogo chumbani. Alfajiri ya Jumapili, kengele ya misa ya kwanza haijalia, baba aliondoka kwenda milimani, juu ya Mlali, kwenye shamba la ukoo wa mama yake, ambako dada yake, shangazi Teodora, alikuwa akilima maharage na kabichi. Mlangoni alimwambia mama neno moja: "Wakiniulizia, waambie nimekwenda msibani. Sitaki huruma ya mtu."

Jumatatu asubuhi Baba Asha alipiga mluzi nje kwetu. Huyu alikuwa mwenzake baba wa miaka mingi kiwandani, nyumba ya tatu kutoka yetu. Nilikuwa nafunga viatu vya shule. Mama alitoka akamwambia Deusi yuko msibani Mlali.

"Msibani? Siku ya leo?"

"Msiba hauchagui siku, shemeji."

Baba Asha alibaki pale kidogo, ameinamisha kichwa. Alikuwa amevaa ovaroli, nami nikajisemea moyoni kwamba maskini, huyu bado hajui, anakwenda kusimama getini bure. Nilimhurumia. Mpaka leo nikiikumbuka ile huruma yangu nataka kujipiga kofi.

Jumanne jioni alirudi, safari hii bila mluzi. Vinyoya vilikuwa vimemjaa kwenye nyusi.

"Mama Felista, nimemtetea jamaa yangu nilivyoweza," akasema. "Nimewaambia amefiwa. Wamempa mpaka kesho saa tisa, zamu zinapobadilishana. Baada ya hapo nafasi anapewa mtu mwingine. Mtume mtu akamwite."

"Nafasi gani?" mama akauliza.

"Ya kazi, ile aliyoandikiwa barua."

Mama alilileta lile kopo la sukari, akaitoa barua. Baba Asha akatoa ya kwake mfukoni. Waliziweka mezani kando kwa kando na zikafanana kama mapacha, ila jina. "Yangu alinisomea mpangaji wangu, yule karani wa posta," akasema Baba Asha. "Akasema wamekubaliana nirudi kazini Jumatatu. Nimerudi. Hii ya Deusi ni hiyo hiyo. Nani aliwasomea nyie?"

Mama alinitazama, na nilitamani sana anipige. Hakunipiga. Alisema tu, "Kesho alfajiri utakwenda Mlali. Utakwenda wewe. Mdomo ulioharibu ndio utakaotengeneza."

Nilipanda nyuma ya pikapu iliyokuwa ikirudi Mlali na matenga matupu ya nyanya, ile barua nimeifutika kifuani. Saa mbili nilikuwa nimeshuka, nikaanza kupanda mlima. Ile njia ya miguu ni ya kuteleza, udongo mwekundu, upande mmoja migomba, upande mwingine bonde linalotoa ukungu. Nilikuwa nikirudia maneno yangu njia nzima: baba, nilikosea, baba, wanakuita, baba, mpaka saa tisa. Niliyapanga kama mtu anayekwenda kutoa hotuba. Saa nne nilifika.

Niliwakuta shambani, baba na shangazi, wanapalilia maharage. Na baba alikuwa anacheka. Sikuwa nimekisikia kicheko hicho tangu ule mnyororo ufungwe. Aliponiona akainua jembe juu kama askari anayetoa saluti.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba! Teodora, unamwona? Amekuja kunisaidia kulima. Huyu ndiye aliyenifungua macho. Bila huyu, sasa hivi ningekuwa bado nasimama kwenye geti la watu kama mbwa."

Shangazi alinitazama juu mpaka chini. "Ndiye wa Kiingereza?"

"Ndiye."

Akanipa jembe.

Nataka mnielewe, ingawa mimi mwenyewe sijajielewa vizuri. Maneno yalikuwepo mdomoni, yamepangwa. Lakini baba alikuwa ananishukuru. Nikasema moyoni, nikifika mwisho wa tuta hili nitamwambia. Nikafika mwisho wa tuta. Nikasema, la pili. Jua lilipanda, ukungu ukaondoka bondeni, na kwa mbali chini nilianza kuyaona mabati ya Mlali yakimetameta. Saa sita shangazi aligawa mihogo ya kuchemsha na chumvi. Nilikula. Baba akaniuliza habari za mama, nikasema hajambo. Akaniuliza mbona nimekuja siku ya shule, nikasema tumeruhusiwa. Nilikuwa najua kabisa saa inakwenda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliisikia saa, kama yeye alivyosikia mashine.

Saa saba ndipo nilipolia. Sikuamua kulia; mwili wenyewe ulichoka kunificha. Na ndani ya kilio yakatoka yote, bila mpangilio wowote, Baba Asha, barua mbili, karani wa posta, saa tisa.

Baba aliweka chini kipande cha muhogo, akanawa mikono, akaanza kushuka mlima. Hakukimbia mwanzoni. Alitembea kama mtu anayekwenda kuchota maji. Kisha nikamwona anakimbia, baba yangu, mtu mzima, peku, kandambili ameshika mkononi.

Nyuma yangu shangazi Teodora alicheka kidogo puani. Sisi Waluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama, na shangazi hakuwahi kulisahau hilo. "Ukoo wa mama yako umetuletea nge," akasema. "Amemuuma babake mwenyewe." Alisema kwa utulivu, akichagua muhogo mwingine. Tangu siku hiyo, kwao wote huko milimani, jina langu likawa Nge. Watoto wadogo waliniamkia hivyo: shikamoo dada Nge.

Nilimkuta barabarani Mlali; gari halikupatikana mpaka saa tisa na nusu. Tulifika getini saa kumi na nusu, baba akiwa na matope mpaka magotini. Ofisini dirishani alikuwepo karani mpya, kijana wa Kitanzania mwenye tai, mpole kabisa. Baba alimpa barua iliyokunjwa mara nne. Kijana aliisoma, akafungua daftari, akafuata majina kwa kidole.

"Pole kwa msiba, mzee," akasema. "Ungekuja Jumatatu, ungepata. Hata leo mchana ungekuja, ungepata. Sasa tumeshamwingiza mwingine."

"Ungekuja, ungepata," baba akarudia polepole, kama anayeonja chakula. Akageuka kunitazama. "Hiyo nge ya leo, mama, nimeielewa mwenyewe."

Kutoka ndani tulizisikia mashine zinaunguruma. Baba alisimama akisikiliza. Moja ilikuwa inagonga, hata mimi niliisikia. Akafungua mdomo kumwambia yule kijana, kisha akaufunga.

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu Tensi ile barua. Sijui nilitaka nini kwake. Labda nilitaka aniambie kwamba nilisoma sawa, na kwamba dunia nzima ndiyo iliyokosea. Aliisoma amesimama mlangoni mwa ofisi ya walimu. Aliisoma mara ya pili, na niliona uso wake umelegea kidogo.

"Huu ni usemi wa taarifa," akasema. "Tutaufikia mwezi ujao."

"Lakini mwalimu, ulisema 'would' ni nge."

"Nilisema nini?" Mkono wake ulikuwa umeshaufikia mwanzi.

"Hukusema kitu, mwalimu."

Mwezi uliofuata tuliufikia kweli. Siku hiyo alikuwa na furaha, amechora mishale ubaoni. Akaeleza kwamba Mwingereza, anapokusimulia mtu mwingine alifikiri nini jana, au walikubaliana nini, huyavuta na maneno ya mawazo hayo nyuma, yakae jana pamoja na mwenye kuwaza. Kwa hiyo "will" hugeuka "would", na "may" hugeuka "might", hata kama jambo lenyewe bado liko mbele na linakungoja. Sisi, akasema, hatufanyi hivyo. Sisi husema walikubaliana utarudi, na ile -ta- tunaiacha kama ilivyotoka kinywani mwao.

"Nani atatupa mfano?" Macho yake yakatua kwangu. Nadhani hakukusudia ubaya. Nadhani alikuwa ameshasahau. "Felista."

Nilikwenda ubaoni. Chaki ilikuwa inakatika mkononi. Niliandika sentensi ya pili ya barua ya baba, neno kwa neno, na chini yake nikaandika kwa Kiswahili: Menejimenti ilikubaliana kwamba utarudi kazini Jumatatu.

"Safi kabisa! Mpigieni makofi matatu."

Wakapiga. Yule msichana wa nyuma yangu naye alipiga.

Baba alipata kazi ya kuendesha mashine ya kukoboa mahindi. Hakunigusa hata kwa ukucha, wala hakunitukana. Alichofanya ni hiki: kila ilipopatikana karatasi yoyote ya Kiingereza, iwe ya sabuni, ya dawa ya mende, ya betri za redio, alingoja waje watu wawili watatu, halafu aliniita. "Mwanangu njoo, utusomee. Huyu ni mtaalamu, msimwone hivi." Watu wa mtaani waliijua hadithi nzima. Nilisoma, na mwisho wa kila sentensi kulikuwa na mmoja wa kuuliza, "Ina nge hiyo?" na wote wakacheka, na baba akacheka kuliko wote, akijipigapiga paja. Ilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama alimkanya mara moja tu. Akamjibu, "Simchapi. Nimemchapa?"

Niliota sugu. Halafu chini ya sugu ikaota chuki, na kwa vile sikuwa na pa kuipeleka, niliilisha.

Nilikuwa na miaka kumi na saba siku aliyorudi kutoka hospitali na kijikaratasi. Kwa majuma kadhaa alikuwa akilalamika kwamba taa zina duara la rangi, na kwamba jicho la kushoto linamvuta. Baba Asha alikuwepo, na wanaume wengine wawili, wanacheza bao. Baba akaniita kwa maneno yale yale. Mtaalamu, njoo utusomee.

Nilichukua kile kijikaratasi. Mwandiko wa daktari ulikuwa mbaya, lakini kufikia hapo Kiingereza changu kilikuwa cha kweli. Nilikielewa chote kwa mtupo mmoja wa macho. Kilisema presha ya jicho iko juu. Kilisema mgonjwa lazima arudi baada ya wiki mbili bila kukosa, asije akapoteza uwezo wa kuona. Hakukuwa na nge humo. Hakukuwa na huenda. Kulikuwa na lazima, imepigiwa mstari.

"Haya, mama," baba akasema. "Wamesemaje?"

Nilimrudishia. "Sijui," nikasema. "Kasome mwenyewe."

Kicheko hakikutoka. Baba Asha alishika kete yake hewani. Baba alikikunja kijikaratasi, mara nne, akakitia mfuko wa shati, akasema ni zamu ya nani kucheza.

Wiki mbili zikapita. Nilizihesabu. Siku ya mwisho nilimwona anatoka kwenda kwenye mashine yake ya kukoboa, nikasema moyoni jioni nitamwambia. Ile njia ya tuta la maharage nilikuwa naijua vizuri.

Alirudi hospitali baada ya miezi mitano, mimi nimemshika mkono kwa sababu alikuwa anajigonga kwenye milango upande wa kushoto. Daktari, mwanamke wa makamo, alimmulika, akazima tochi, akashusha pumzi. "Mzee wangu, mbona hukurudi? Si niliandika?"

"Uliandika, daktari," baba akajibu. "Lakini uliandika Kiingereza, na mimi sina mtu wa kunisomea."

Alisema hivyo mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Hakuubana, wala hakuuondoa.

Miaka mingi niliamini kwamba baba aliniita nisome zile karatasi ili anikomoe. Alinikomoa, hilo sitalikana. Lakini siku hizi, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati ule, naliona jingine ambalo kwa macho ya mtoto sikuliona. Karani wa posta alikuwa nyumba ya tatu. Katekista alikuwa mtaa wa pili. Baba hakuwapelekea hata karatasi moja, kabla ya barua wala baada yake. Mtu aliyemkosesha kazi ndiye ambaye baba aliendelea kumpa kila karatasi iliyomtisha, na kwa kuwa hakujua kuomba bila kuaibika, aliomba kwa kejeli. Kosa la miaka kumi na nne lilikuwa la mtoto. Nadhani hata yeye alinisamehe, kwa namna yake ya ukatili. Lile la miaka kumi na saba nilisoma kila neno sawasawa.